CHETI CHA FUNDI KWANZA, BATI LA OFISI BAADAYE

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI, KIVUKONI*

Haya ni maneno yaliyosomwa na Sekretarieti kwenye mkutano wa tawi Jumapili iliyopita. Tunayatuma kama yalivyosomwa kwa ajili ya wenzetu walioko mashambani ng'ambo wakivuna. Tunaomba msome hadi mwisho, maana mwishoni kuna jambo la kupigia kura.



Poleni na kazi za mavuno. Tunajua kila aliyeketi hapa ameacha mpunga uwanjani, kwa hiyo hatutazunguka. Ajenda ni moja: elimu na mafunzo ya kazi kwa vijana wetu, na fedha ya tawi iliyopo benki.

*1. TULIKOTOKA*

Jina la mahali petu linajieleza. Hapa palikuwa na kivuko. Gari la kwenda Mahenge lilifika, likapanga foleni, likangoja. Katika kungoja kule ndiko tulikopata riziki. Mama aliuza wali na kambale, kijana alibeba mizigo, mwingine aliziba pancha, mwingine alivusha watu kwa mtumbwi kivuko kilipoharibika. Januari 2016 kivuko kilipinduka mtoni kwa dhoruba, na tangu siku hiyo hakuna aliyetaka hali ile iendelee. Mei 2018 likazinduliwa Daraja la Magufuli, urefu wa mita 384. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Mgonjwa wa Lupiro halali tena ng'ambo akisubiri kupambazuke.

Lakini daftari lina kurasa mbili, mapato na matumizi. Ukurasa wa pili unasema hivi: magari sasa yanapita bila kusimama. Riziki ya kungoja imekwisha. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni vijana wa miaka ishirini na kitu. Wazazi wao waliishi kwa foleni, na foleni haipo. Swali la mkutano huu ni kwamba hawa wataishi kwa kazi gani, na nani atawatambua kwamba kazi hiyo wanaiweza.

*2. MJI UNAOFUNDISHA WATU WA MBALI*

Ndugu wanachama, mji wa Ifakara si mgeni wa mafunzo ya kazi. Katika miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha hapa maabara ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1961, mwaka wenyewe wa Uhuru, kikaanzishwa kituo cha kufundishia watumishi wa afya wa vijijini. Nchi ilikuwa na madaktari wachache mno, haikuweza kusubiri kila zahanati ipate daktari wa chuo kikuu. Wakafundishwa watu kwa kazi iliyokuwapo: malaria, kichocho, uzazi, maji safi. Baadaye wakafundishwa waganga wasaidizi, na tangu mwaka 2010 tuna chuo kikuu kishiriki cha afya cha Mtakatifu Fransisko, kando ya hospitali ile ile.

Upande wa kilimo ni hivyo hivyo. Hapa hapa tuna KATRIN, chuo na kituo cha utafiti wa kilimo, na wengi wetu tunapanda mbegu ya mpunga ya SARO 5.

Sasa tujiulize bila kuoneana haya. Wanafunzi wanatoka Bukoba, Mbeya na Mwanza kuja kusoma uganga Ifakara. Sisi wa Kivukoni tunawapangisha vyumba na kuwauzia chipsi. Ni biashara halali, hatuidharau. Lakini ni watoto wangapi wa tawi hili wamevaa koti jeupe? Viongozi wa mashina walipopita kuuliza, walirudi na majina mawili tu.

Sababu si akili ya watoto wetu, wala si ada peke yake. Kosa linaanza mapema. Ili mtoto apokelewe stashahada ya utabibu, lazima cheti chake cha Kidato cha Nne kiwe na ufaulu wa masomo manne, na ndani yake wamo Kemia, Biolojia na Fizikia. Watoto wetu wengi wanaacha Fizikia na Kemia wanapofika Kidato cha Tatu, na sisi wazazi hatuna habari. Tunakuja kujua miaka miwili baadaye matokeo yakishatoka, tunaanza kutafuta mtu wa kutusaidia. Hapo hakuna wa kutusaidia, mlango ulishafungwa na kalamu ya mtoto mwenyewe.

Kwa hiyo ombi la kwanza halihitaji hata shilingi moja. Mzazi mwenye mtoto Kidato cha Pili mwaka huu, nenda shuleni kabla hajachagua masomo. Kaa na mwalimu wa taaluma, uliza mtoto anaweza nini. Si lazima kila mtoto asome sayansi. La lazima ni kwamba anapoyaacha masomo hayo, yeye na mzazi wake wajue wanaacha na kazi zipi. Na mjue pia kwamba kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha hata baadhi ya wanafunzi wa stashahada, afya ikiwamo, na kuanzia 2024 zipo sekondari zenye mkondo wa amali, ambako mtoto anasoma na kujifunza ufundi kwa pamoja. Mlango wa ufundi si wa walioshindwa tena.

*3. KOSA LETU*

Jambo hili tungeweza kulipita kimya, lakini tumekubaliana katika Sekretarieti kulisema mbele yenu.

Miaka miwili iliyopita walikuja hapa watu wakitangaza nafasi za chuo katika mji mwingine. Walisema kozi ni ya mwaka mmoja na ajira ziko tayari. Vijana watano wa tawi hili walijiandikisha. Walihitaji barua za utambulisho, na barua hizo tuliziandika sisi. Muhuri ulikuwa wetu. Wazazi watatu kati ya hao waliuza mpunga ukiwa bado kijani shambani, kwa bei mliyoijua wote, ili wawahi ada. Baada ya mwaka mmoja vijana walirudi na karatasi zenye rangi nzuri. Walipozipeleka kuomba kazi waliambiwa kozi ile haikuwa imeidhinishwa.

Chuo hicho hatutakitaja hapa, suala lake liko mahali pake. Tunachokitaja ni sehemu yetu. Sisi tunaosaini karatasi za tawi tumesoma uhasibu kwa ngazi ya stashahada. Tulifundishwa kwamba hausaini hati ambayo hujaikagua. Siku ile hatukukagua. Tuliona vijana wana furaha, tukagonga muhuri. Kwa wazazi wale na kwa vijana wale watano, tunaomba radhi, na tunaomba radhi hiyo ikae kwenye kumbukumbu za mkutano.

Tangu sasa hakuna barua ya utambulisho itakayotoka ofisini kabla ya kujibiwa maswali manne:

a) Chuo kina namba ya usajili ya NACTVET? Namba ionekane, isiwe ya kuambiwa.

b) Kozi yenyewe imeidhinishwa? Chuo kinaweza kusajiliwa kihalali halafu kikafundisha kozi moja ambayo haijaidhinishwa. Hapo ndipo tulipoangukia.

c) Fomu ya maelekezo ya kujiunga ina orodha kamili ya ada na michango, na fedha inalipwa kwenye akaunti ya chuo, si kwenye simu ya mtu?

d) Nani mmoja, asiye mwajiriwa wa chuo, amesoma pale na anafanya kazi leo?

Kama mzazi hawezi kuangalia kwenye mtandao, aje ofisini Jumanne au Alhamisi jioni, tutaangalia naye kwenye simu. Haina malipo.

*4. MAFUNDI TULIONAO*

Tunafika kwenye kiini. Viongozi wa mashina walihesabu mafundi wote vijana katika eneo la tawi. Hii ndiyo hesabu: waashi 6, maseremala 4, mafundi pikipiki 5, wachomeleaji 2, washonaji 3. Jumla 20. Wenye cheti cha aina yoyote cha ufundi: 1.

Hawa si wajinga wa kazi. Nyumba tunazolala wamejenga wao. Pikipiki zinazopeleka mpunga mashineni wanatengeneza wao. Walijifunza kwa kaka, kwa mjomba, au kwa kukaa gereji miaka mitano wakishika spana. Lakini ukija mradi wa ujenzi hapa bondeni, msimamizi anauliza cheti. Asiye nacho anaandikwa kibarua. Kijana mmoja wa shina la mtoni, anayejenga msingi wa nyumba kwa mkono wake, alifanya kazi kwenye mradi mmoja miezi minne akibeba zege, huku mwashi aliyetoka mbali akilipwa ujira wa fundi. Alituambia kitu ambacho hatukisahau: mara mbili alimwonyesha yule mwashi namna ya kupiga pembe.

Wengine mtasema, basi warudi shule. Fundi wa miaka 27 mwenye mke na watoto wawili hawezi kwenda kukaa bweni Mikumi au Kihonda miaka miwili. Wala hahitaji kufundishwa upya anachokijua.

Ipo njia, na wengi hatuijui. Inaitwa urasimishaji wa ujuzi. VETA inaendesha utaratibu wa kumtambua fundi aliyejifunza nje ya chuo. Fundi anajaza fomu, anaonyesha kazi alizofanya, anapimwa kwa vitendo. Akionekana ana pengo, mathalani anajenga vizuri lakini hajui kusoma ramani au kupima umeme kwa usalama, anapewa mafunzo mafupi ya kuziba pengo hilo. Akifuzu anapewa cheti. Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa ikifadhili awamu za mafunzo haya, na awamu ikitangazwa fundi halipi. Nje ya awamu hizo anajilipia.

Msidhani hii ni sadaka. Kila mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo kuanzia Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara anayolipa, na sehemu yake inakwenda kwenye mafunzo ya ufundi. Kijana wetu anapobeba zege kwenye mradi, na ujira wake umo kwenye hesabu hiyo. Akienda kudai kupimwa ujuzi wake, anadai kitu ambacho jasho lake limekwisha kukichangia.

Na jambo hili si la kimaskini. Huko Uswisi alikotoka yule profesa, karibu theluthi mbili ya vijana wanapita njia ya uanagenzi: siku nyingi za wiki wako kazini na fundi wao, siku chache darasani, na mwisho kuna mtihani na cheti kinachoheshimika. Hata sisi tulifanya kwa kiwango chetu. Reli ya TAZARA inayopita bondeni humu ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na vijana wengi wa Kitanzania walijifunza ufundi kwenye reli ile ile walipokuwa wakiijenga. Tofauti ni kwamba wakati ule aliyejua kazi aliandikwa fundi. Leo anaulizwa karatasi kwanza, na kulalamika hakutabadilisha swali hilo.

Cheti kinafungua na milango mingine. Mikopo ya asilimia 10 ya Halmashauri, ile ya wanawake 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2, ilirejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa. Kikundi cha mafundi watano wenye vyeti kinakwenda Halmashauri ya Mji wa Ifakara na maneno mazito kuliko kikundi cha watu watano wenye nia njema. Madarasa na zahanati zetu nyingi siku hizi zinajengwa na mafundi wa maeneo husika. Mwaka 2021 peke yake nchi ilianza kujenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO. Kazi za namna hiyo zitakuja tena, na tunataka zikija zikute majina ya vijana wetu kwenye orodha.

Kwa mabinti tuongeze moja. Aliyekatiza shule kwa ujauzito, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi. Asiyetaka kurudi darasani na watoto wadogo, Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Ifakara kipo kwa ajili ya watu wazima pia. Mama mwenye mjukuu mdogo, msaidie binti kwa kumlelea. Huo nao ni mchango wa maendeleo, hata kama hauandikwi kwenye risiti.

*5. PENDEKEZO*

Mfuko wa tawi una shilingi 2,140,000. Ni fedha ya michango yenu ya miaka mitatu kwa ajili ya kuezeka ofisi. Kila aliyechangia jina lake lipo.

Sekretarieti inapendekeza shilingi 1,200,000 zitengwe ziwe mfuko wa kuzungusha wa vyeti vya mafundi. Mafundi 12 wa kwanza, kila mmoja asizidi shilingi 100,000 kwa ada ya kupimwa, nauli na vifaa. Kiwango halisi cha ada tutakichukua chuoni kwa maandishi, na fedha italipwa chuoni, haitapita mkononi kwa mtu. Fundi atarejesha kwa awamu mbili, mwisho wa Septemba na mwisho wa Desemba. Zinazorudi zinachukua wale 7 waliobaki. Zikirudi mara ya pili, zinakwenda kwenye bati. Shilingi 940,000 zinabaki benki bila kuguswa.

Kwenye Halmashauri ya Tawi hoja hii ilipingwa, na ni haki yenu kusikia ilivyopingwa.

Mzee wetu mmoja alisema: tawi si chuo, na sisi tumechoka kufanya mikutano chini ya mwembe mvua ikinyesha. Mzee, uko sahihi kuhusu mvua. Tunachoomba ni msimu mmoja. Na mafundi 12 wamekubali, kama hoja itapita, kuezeka ofisi bila kudai ujira siku bati litakapopatikana. Ujira huo tulikuwa tumeutengea shilingi 350,000.

Mjumbe mwingine alisema: wakipata vyeti wataondoka kwenda Dodoma na Dar es Salaam. Wengine wataondoka kweli, hatuwezi kuwafunga kamba. Lakini aliyeondoka akiwa fundi anatuma fedha nyumbani, na aliyeondoka akiwa kibarua anatuma ujumbe wa kuomba nauli ya kurudi. Wote wawili tunao humu tawini.

Wa tatu aliuliza: ni wanachama tu, au yeyote? Hapa tuligawanyika, na bado hatujakubaliana. Wapo wanaosema fedha ni ya wanachama, wanufaike watoto wa wanachama. Wapo wanaosema fundi anayejenga nyumba zetu zote asiulizwe kadi. Msimamo wa sisi tulio Sekretarieti ni huu wa pili. Kati ya mafundi 20, watano si wanachama wetu. Tukiwaacha hao watano, watu wa mtaa watasema tumegawana fedha kindugu, na tutakuwa hatuna jibu. Lakini fedha ni yenu, na swali hili litapigiwa kura peke yake.

Ulinzi wa fedha: orodha ya waliochukua, kiasi na tarehe ya kurejesha itabandikwa kwenye ukuta wa ofisi kila mwisho wa mwezi. Hakuna mtoto, mdogo wala mkwe wa mjumbe wa Sekretarieti atakayekuwa kwenye 12 wa kwanza, hata kama ni fundi mzuri. Yupo mmoja anayehusika na tumeshamwambia nyumbani. Amenuna, atazoea.

*6. HATUA*

Kura itapigwa Jumapili ijayo saa 10 jioni, hapa hapa chini ya mwembe. Kura ni mbili: (1) Je, mfuko uanzishwe? (2) Je, uwe wa wanachama tu au wa mafundi wote wa eneo la tawi? Walioko mashambani wapeleke maoni yao kwa kiongozi wa shina kabla ya Jumamosi, yatasomwa mkutanoni. Namba hii ni ya kutuma taarifa tu, kura haipigwi kwa simu.

Vijana mafundi, leteni ofisini picha za kazi mlizofanya na jina la mtu mliyemfanyia. Msingoje kura. Hata hoja ikishindwa, awamu ya serikali ikitangazwa mtakuwa na karatasi zenu tayari.

Wazazi wa Kidato cha Pili, shuleni wiki hii.

Wale vijana watano wa chuo kile, milango ya ofisi iko wazi kwenu kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Wawili kati yenu mnajua kuchomelea. Mmo kwenye hesabu ya wale 20.

 Mungu awape mavuno mema na njia njema ya kurudi.

*Katibu wa Tawi*
*Kwa niaba ya Sekretarieti, Kivukoni, Ifakara*